Ankara bila benki: funguo ziwe zako, na daftari liwe lako

Mfanyabiashara anayeshusha mzigo katika soko la Konyo Konyo, Juba, ana maswali mawili. La kwanza ni nani atanunua. La pili, ambalo kwa miaka ya karibuni limekuwa gumu kuliko la kwanza, ni kwa njia gani fedha yake itarudi Kampala, Arua au Nairobi, na ikifika itakuwa imebaki kiasi gani.

Swali hilo la pili ndilo linalofanya habari za sarafu za kidijitali zisikike hata kwa watu ambao hawana muda wa kubahatisha. Hatuzungumzii vijana wanaonunua Bitcoin wakitumaini ipande bei. Tunazungumzia muuzaji wa jumla, fundi wa mitambo ya jua au kampuni ndogo ya usafirishaji inayotaka kumwandikia mteja wake ankara, mteja ni kampuni nyingine, na malipo yapitie kwenye programu ambayo muuzaji mwenyewe ameiweka kwenye kompyuta yake, bila benki wala wakala katikati.

Msimamo wetu tunauweka mapema. Njia hii ni halisi, inafanya kazi, na ipo biashara ya mpakani inayoweza kunufaika nayo. Lakini inatatua kipande kimoja tu cha tatizo la Juba, nacho ni kupitisha fedha. Deni, ushahidi, thamani ya fedha na sheria vinabaki pale pale. Anayeipokea kama dawa ya yote atapoteza mtaji.

Tuanze na kinachomsukuma mtu kufika huko. Pauni ya Sudan Kusini ilizinduliwa Julai 2011, siku chache baada ya uhuru. Hadi katikati ya Desemba 2015 bei rasmi ilikuwa chini kidogo ya pauni 3 kwa dola. Serikali ilipoiachia sarafu hiyo ifuate soko, ilifika zaidi ya pauni 18 kwa mara moja. Agosti 2020 Benki Kuu ilikiri hadharani kwamba akiba yake ya fedha za kigeni imekwisha. Mapema 2024 bomba la mafuta linalopita Sudan lilipasuka katikati ya vita, na nchi inayotegemea mafuta kwa sehemu kubwa ya mapato yake ikakosa dola. Mwaka huo ulianza dola ikiwa takriban pauni 1,100 kwa bei rasmi, ukaisha ikikaribia 4,000.

Kwa anayeuza kwa mkopo, takwimu hizo ni maumivu ya moja kwa moja. Chukua mfano wa kubuni. Muuzaji anampelekea mwenye hoteli bidhaa za dola 2,000, wanakubaliana alipwe kwa pauni baada ya siku 30, dola ikiwa pauni 4,000. Deni linaandikwa pauni milioni 8. Siku ya kulipa dola imefika pauni 5,000. Mteja ni mwaminifu, analipa yote. Lakini pauni hizo milioni 8 sasa zinanunua dola 1,600. Hakuna aliyemwibia muuzaji, ila dola 400 zimekwenda.

Kubeba fedha taslimu nako kuna gharama yake. Barabara ya lami ya kilomita 192 kati ya Juba na Nimule, iliyokamilika 2012, ndiyo mshipa wa biashara na Uganda, na kila dereva anajua historia yake ya mashambulizi. Mwaka 2021 madereva wa malori wa Kenya na Uganda walisimamisha magari Elegu baada ya wenzao kuuawa ndani ya Sudan Kusini. Mtu mwenye furushi la dola kwenye barabara hiyo hahitaji kuambiwa maana ya hatari.

Zipo benki. KCB na Equity za Kenya zimekuwa Juba tangu kabla ya uhuru, na tangu 2019 ipo huduma ya fedha kwa simu ya m-Gurush. Lakini benki haiwezi kukupa dola ambazo haina. Zaidi ya hapo, Juni 2021 Sudan Kusini iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, benki za nje huongeza maswali na ukaguzi kwa kila malipo yanayotoka au kuingia. Mwenye kontena la vitunguu linaloharibika hana wiki tatu za kujibu maswali.

Katika mazingira hayo, programu ya kupokea malipo inayokaa mikononi mwa mfanyabiashara mwenyewe inavutia. Inayojulikana zaidi ni BTCPay Server. Ilianzishwa 2017 na mtaalamu wa programu Nicolas Dorier, aliyechoshwa na kampuni kubwa ya kupokelea malipo ya Bitcoin iliyokuwa ikiwaamulia wafanyabiashara mambo yao. Ni programu huria: haiuzwi, haina ada kwa kila malipo, na yeyote anaweza kusoma namna ilivyoandikwa.

Ukanda wetu una kisa chake cha kujifunzia. Mwaka 2013 ilianzishwa Nairobi kampuni ya BitPesa, iliyotumia Bitcoin kuvusha fedha na kuzifikisha kwenye simu za Wakenya, kisha ikahamia zaidi kwenye malipo ya kampuni kwa kampuni. Mwaka 2015 Safaricom ilifunga njia ya M-Pesa ambayo BitPesa ilikuwa ikiitumia kupitia kampuni nyingine. Suala likafika Mahakama Kuu, na Desemba mwaka huo mahakama ilikataa kuamuru huduma irudishwe. Sarafu ya kidijitali ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Kilichokwama ni mlango wa kutokea, kwa sababu ulikuwa wa mtu mwingine. Somo hilo tutalirudia.

Sasa programu yenyewe inafanyaje? Muuzaji anaiweka kwenye kompyuta yake au kwenye seva ya kukodi, ambayo hugharimu dola chache hadi makumi kadhaa kwa mwezi. Kwa Juba, penye umeme wa kusuasua, seva ya kukodi ina unafuu. Kisha anaipa programu ufunguo wa umma wa pochi yake ya kidijitali. Ufunguo wa siri, ule unaoruhusu fedha kutoka, unabaki nje ya seva, kwenye kifaa anachokitunza mwenyewe. Hivyo hata mtu akiivamia seva, hawezi kutoa fedha ambazo tayari zimeingia kwenye pochi hiyo.

Ankara inaandikwa kwa dola au fedha nyingine. Mteja akiifungua, programu inasoma bei ya soko wakati huo, inaonyesha kiasi cha Bitcoin kinachotakiwa pamoja na msimbo wa QR, na inatengeneza anwani mpya kwa ankara hiyo peke yake. Malipo yakiingia kwenye anwani hiyo, programu inajua ni ya ankara ipi. Huhitaji kumpigia mteja simu kuuliza, "Je, hii dola 740 ni yako au ni ya Hassan?" Kwa anayehudumia wateja 30, hilo peke yake ni msaada mkubwa.

Hapo sasa ndipo mahali pa kuangalia kwa makini, kwa sababu desturi ya biashara yetu na desturi ya programu hii hazifanani.

Kwanza ni muda. Kwa kawaida programu hushikilia bei ya ankara kwa dakika 15 tu, kwa kuwa bei ya Bitcoin haitulii. Biashara ya Juba inaendeshwa kwa mkopo wa wiki mbili, mwezi, pengine zaidi. Njia sahihi ni kutumia ombi la malipo, ambalo programu hiyo inalo: linaandikwa kwa dola, linaweza kuwekewa tarehe ya mwisho, na kiasi cha Bitcoin hukokotolewa pale tu mteja anapobonyeza kulipa. Anayeandika deni la mwezi mzima kwa Bitcoin badala ya dola ameacha kufanya biashara ya unga, ameanza kucheza kamari. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000.

Pili ni gharama. Kutuma Bitcoin kwa njia yake ya kawaida hulipiwa ada inayopanda msongamano ukizidi. Tarehe 20 Aprili 2024 wastani wa ada kwa muamala mmoja ulizidi dola 100. Kwa ankara ya dola 20,000 hilo linavumilika, kwa ankara ya dola 150 ni upuuzi. Ipo njia ya haraka na nafuu iliyojengwa juu ya Bitcoin, inayoitwa Lightning, ambayo programu hii inaiunga mkono. Lakini kwa Lightning ukiendesha mwenyewe, funguo hukaa kwenye seva. Kwa hiyo weka humo kiasi kidogo tu, kama unavyoacha chenji kwenye droo ya duka, na kilichozidi ukihamishe.

Tatu ni wale wanaosema, "Mimi nitatumia USDT, hiyo haipandi wala kushuka." Ni kweli kwamba sarafu zinazofuata dola huondoa sehemu kubwa ya hofu ya bei, na ndiyo maana wengi wanaoagiza mizigo wanazipendelea. Lakini USDT ina mwenyewe. Kampuni ya Tether inayoitoa ina uwezo wa kufungia anwani yoyote, na imeshafanya hivyo mara nyingi kwa anwani zinazohusishwa na uhalifu. Ukipokea malipo kutoka kwa usiyemjua, unaweza kujikuta ndani ya shauri lisilo lako. Wala si kila sarafu inayojiita dola imekuwa dola: Mei 2022 sarafu ya UST iliporomoka karibu hadi sifuri ndani ya siku chache.

Nne, na hapa ndipo kisa cha BitPesa kinaporudi, ni mlango wa kutokea. Kupokea kwa programu yako ni nusu ya safari. Mwenye kiwanda cha unga Kampala anataka shilingi. Mwenye lori anataka shilingi. Mpagazi wa Konyo Konyo anataka pauni jioni ya leo. Yule atakayekubadilishia sarafu ya kidijitali kuwa fedha hizo ndiye mwenye mlango, na anaweza kutoza anachotaka, kukutapeli, au kufungiwa na mamlaka. Kabla hujaandika ankara ya kwanza, mjue mtu huyo, ijue leseni yake kama nchi yake inatoa leseni, na jaribu naye kiasi kidogo.

Tano ni sheria, na hapa mzigo mmoja unaweza kupita kwenye mikono minne tofauti. Kenya, Oktoba 2025, Rais William Ruto alitia saini sheria inayowataka watoa huduma za mali za kidijitali wawe na leseni, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Uganda, Aprili 2022, Benki Kuu iliwakataza watoa huduma za malipo wenye leseni kusaidia kubadilisha sarafu hizo kuwa fedha za simu. Tanzania, Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kuwa haziruhusiwi, kisha sheria ya fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo yake. Sudan Kusini fedha halali ni pauni, na Agosti 2023 Baraza la Mawaziri liliamua malipo ya ndani ya nchi yafanyike kwa pauni badala ya dola. Kwa hiyo mwenye duka Juba anayemwuzia jirani yake wa Juba asijidanganye kwamba programu ya kwenye seva inamtoa nje ya uamuzi huo. Kama njia hii ina nafasi, nafasi yake ni kwenye biashara inayovuka mpaka.

Jambo la sita ndilo tunaloliona kubwa kuliko yote. Wafanyabiashara wa Uganda walioiuzia serikali ya Sudan Kusini nafaka kati ya 2008 na 2010 wanajua kisa hiki kuliko sisi. Walipeleka mzigo, hawakulipwa, wakadai kwa miaka mingi. Serikali mbili zilipokaa kuzungumza, hoja haikuwa jinsi fedha zitakavyotumwa. Hoja ilikuwa nani alipeleka nini, kwa mkataba upi, na nani alisaini kupokea. Madai yalihakikiwa, baadhi ya makampuni yakalipwa na serikali ya Uganda, mengine yakaendelea kuhangaika bungeni na maofisini.

Hakuna programu duniani ingewasaidia watu wale kwa sababu tu inapokea Bitcoin. Mdaiwa asiyetaka kulipa hatalipa kwa pauni, wala kwa dola, wala kwa msimbo wa QR. Na kwa sarafu ya kidijitali, malipo yakishathibitishwa hayarudi. Mteja aliyepokea magunia 80 badala ya 100 hana benki ya kumlalamikia. Anakutegemea wewe umrudishie, na wewe unategemea karatasi iliyosainiwa getini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Programu inaweza kuwa kalamu nzuri, lakini daftari ni lazima uliandike wewe.

Kwa mfanyabiashara aliyepima yote haya na bado anaona njia hii inamfaa, tunashauri afuate mambo machache.

Anza na mteja mmoja wa nje ya nchi unayemfahamu, na ankara ambayo ukiipoteza hutafunga duka. Andika ankara kamili kama ya kawaida: jina na namba ya mlipakodi ya pande zote mbili, bidhaa, uzito, bei kwa dola, tarehe ya mwisho, na sharti linaloeleza bei ya kubadilishia itachukuliwa wapi na saa ngapi. Ambatanisha hati ya kupokea mzigo. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 unaotoka ndani ya Jumuiya, usisahau cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Thamani iliyo kwenye cheti, kwenye forodha na kwenye ankara iwe moja.

Siku malipo yanapoingia, andika kiasi cha sarafu, thamani yake kwa dola na kwa fedha ya nchi yako, na namba ya muamala. Ofisa wa kodi akija, atataka hilo. Badilisha haraka kiasi unachodaiwa na wengine. Mtaji wa kulipia mzigo ujao si wa kuweka ukisubiri bei ipande. Maneno ya siri ya pochi yaandike kwenye karatasi, nakala mbili, sehemu mbili, wala yasipigwe picha kwa simu. Mjulishe mtu mmoja wa kuaminika katika familia mahali yalipo, kwa maana mfanyabiashara akifariki barabarani leo, hakuna meneja wa tawi atakayewafungulia watoto wake.

Na usiwe wakala wa wengine. Kupokea malipo ya mzigo wako ni jambo moja. Kuanza kuwabadilishia majirani sokoni ni biashara ya fedha, na biashara ya fedha inahitaji leseni.

Baada ya kusema hayo kwa wafanyabiashara, tuseme na wenye mamlaka. Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2016. Mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, unaounganisha benki kuu, ulikuwa umeanza miaka mitatu kabla, ukiwa na Kenya, Tanzania na Uganda, baadaye Rwanda. Itifaki ya umoja wa fedha ilisainiwa Kampala Novemba 2013, ikilenga sarafu moja 2024. Mwaka huo umepita, na lengo limesogezwa hadi 2031. Mama anayeuza nyanya mpakani Elegu hawezi kusogeza deni lake kwa miaka saba.

Hatuombi miujiza. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, Juba iunganishwe na mfumo wa malipo wa Jumuiya ili shilingi ya Kampala na pauni ya Juba zikutane bila kulazimika kupitia dola ya New York. Pili, fedha za simu za Sudan Kusini na za Uganda zipewe daraja rasmi, hata kwa viwango vidogo vya kuanzia, kwa sababu muuzaji mdogo hatatumia seva kamwe. Tatu, nchi za Jumuiya zikae pamoja ziandike kanuni moja ya sarafu za kidijitali katika biashara ya mpakani. Ikiwa Nairobi inatoa leseni na Kampala inakataza huduma ile ile, anayenufaika na pengo hilo ni mlanguzi.

Watu wakianza kutafuta njia za pembeni, mara nyingi ni kwa sababu barabara kuu ina mashimo. Kuwakamata wanaopita pembeni hakuzibi shimo hata moja.

Hadi barabara hiyo itengenezwe, mfanyabiashara wa Juba ana haki ya kujua kila njia iliyopo, na gharama ya kila moja. Ankara isiyopitia benki ni mojawapo. Aitumie akiwa na funguo zake mkononi, daftari lake mezani, na saini ya aliyepokea mzigo. Akikosa saini na daftari, hata funguo hazitamsaidia.